Mwanangu, anza hesabu kwa gari

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya wajukuu nimeiangalia mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Umeniuliza kama milioni tatu zitatosha kumpeleka mkeo na watoto Serengeti siku tatu mwezi wa nane, na naona kinachokutisha ni kiingilio. Nimeendesha watalii miaka 22, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona barabarani.

Kiingilio kisikunyime usingizi. Serengeti, mwananchi mtu mzima hulipa shilingi 10,000 kwa saa 24, mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa 2,000, kisha inaongezwa VAT asilimia 18. Nyinyi wanne, wakubwa wawili na watoto wawili, ni 28,320. Kwa saa 48 ndani ya hifadhi, 56,640. Mgeni wa kutoka nje, peke yake, hulipa dola 70 msimu wa kilele kabla ya VAT. Beba vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, msije mkakosa bei ya mwananchi kwa sababu ya karatasi iliyobaki kabatini. Na saa 24 ni saa 24 kweli: mkiingia saa 8 mchana, saa hiyohiyo ndiyo ya kutokea muda mliolipia ukiisha.

Pesa yako italiwa na gari. Land Cruiser ya kukodi, pamoja na dereva na mafuta, mara nyingi huangukia kwenye dola 250 kwa siku. Siku tatu ni dola 750. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni 1,875,000 kabla hujanunua hata maji ya kunywa. Lakini gari hilo lina viti saba vya abiria, na bei ni ileile mkipanda wanne au saba. Zungumza na shemeji yako. Wao ni watatu. Mkigawana nusu kwa nusu, wewe unatoa 937,500. Kwangu mimi, hilo ndilo la kuamua kabla ya mengine yote.

Kuna gharama moja watu huisahau. Kutoka Arusha mnapita Karatu, mnaingia geti la Lodoare, kwa kuwa njia ya Serengeti inakatiza ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hiyo ni mamlaka nyingine, nayo hutoza ada yake kwenda na kurudi. Niliwahi kubeba familia iliyohesabu kwenda tu. Wakati wa kurudi baba yule alisimama getini akipigia ndugu mmoja baada ya mwingine, mkewe kando akifungua salio la simu kwa mara ya tatu kana kwamba litaongezeka, watoto wamelala garini na vumbi kwenye kope. Niliwalipia. Sitaki kuwawazia nyinyi pale.

Kuhusu mwezi wa nane, sikushauri. Nyumbu wakati huo wako kaskazini, upande wa Mto Mara, mbali na Seronera, katikati ya hifadhi. Kuwafuata ni kuongeza siku ya gari. Nendeni Desemba mwanzoni, shule zikifungwa. Mvua za vuli huwarudisha nyumbu kwenye mbuga za kusini, karibu na Naabi, hapohapo mnapoingilia. Msisogeze hadi wiki ya Krismasi, magari huadimika na bei hupanda.

Kulala, chukueni mahema kwenye kambi za umma pale Seronera, mpike wenyewe. Hoteli za ndani zinaweza kula milioni nzima kwa usiku mmoja au miwili. Kambi hazina uzio. Fisi hupita usiku, mtawasikia wakivuta pumzi nje ya turubai. Watoto wasitoke bila mtu mzima na tochi, hata kwa haja ndogo.

Usibane kwa dereva. Mpe chakula chake na kitu cha asante mwishoni, na usikubali gari la bei ya chini lenye tairi zilizolika. Barabara baada ya Lodoare ni ya mawe. Laki tatu ziweke pembeni, zisiguswe mpaka mrudi.

Ukishaongea na shemeji, nitajie tarehe. Nitakwenda mwenyewe Arusha kulikagua gari kabla hujalipa arubuni.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako