Lisbon: panda kwa gari, shuka kwa miguu

Waulize waliokwenda Lisbon wakarudi. Wengi watakwambia mji ni mzuri ila magoti yaliwauma. Hawasemi uongo. Mji umejengwa juu ya vilima, na mtaa wake wa kale kabisa, Alfama, umeshikilia ubavu wa kilima kimoja kuanzia ngomeni juu mpaka karibu na mto Tagus chini. Mgeni kwa kawaida huanzia chini, maana ndiko ziliko hoteli nyingi. Anapanda ngazi jua likimchoma, na akifika juu hamu ya kutazama chochote imekwisha. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatokana na huo: upandaji uachie injini, miguu itunze kwa ajili ya kushuka.

Tramu namba 28, ile ya manjano inayopamba kila kadi ya posta, inapita mtaa wa Graça, na Graça ndiko juu. Ipande kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo hujaa pomoni, na vibaka wa Lisbon wanaipenda kuliko watalii wanavyoipenda. Mkoba uweke tumboni. Kama shabaha yako ni ngome ya São Jorge tu, basi dogo la 737 kutoka Praça da Figueira litakufikisha bila jasho. Na ndiyo, Lisbon kuna bajaji, nyingi zikiwa za umeme, na dereva anakusimulia historia njia nzima. Bei yake usiigeuze kuwa shilingi, utashuka. Ila patana kabla hujakaa.

Ukishuka Graça, tembea kidogo mpaka Miradouro da Senhora do Monte. Miradouro ni mahali pa kutazamia mji, na Lisbon inazo tele, lakini hii ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu unaisoma ramani nzima kabla hujaikanyaga. Kuna ngome upande mmoja na mto kwa mbali, na katikati yao bonde lililojaa mapaa mekundu. Halafu tazama kitu kimoja: chini bondeni barabara zimenyooka kwa rula, lakini pembeni, kwenye miteremko, nyumba zimesongamana bila mpango wowote. Tofauti hiyo ina tarehe yake.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka. Likafuata wimbi la bahari lililopanda kupitia mtoni, na moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Bonde la Baixa liliangamia. Waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, akaamuru lijengwe upya kwa mistari iliyonyooka, nyumba za kimo kimoja, na ndani ya kuta mkafichwa fremu za mbao zilizofungwa kwa mshazari ili jengo liyumbe bila kuanguka. Wareno wanaziita gaiola, yaani tundu la ndege. Alfama iko juu ya mwamba, ikasalimika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana imebaki na vichochoro vyake vya tangu enzi za Waislamu, waliotawala hapo mpaka mfalme Afonso Henriques alipouteka mji mwaka 1147. Ukishajua hilo huhitaji mtu wa kukutembeza. Kila unapokata kona unajiuliza tu: hapa ni kabla ya 1755 au baada?

Kutoka Graça teremka kuelekea kanisa la São Vicente de Fora. Ukifika siku ya Jumanne au Jumamosi, nyuma yake utakuta Feira da Ladra, mnada wa vitu vikuukuu uliotandazwa chini: sahani, redio mbovu, sarafu, makoti. Zunguka, cheka na wauzaji, nunua kikombe. Vigae vya zamani vya bluu na nyeupe viache. Wizi wa vigae kwenye kuta za nyumba ni tatizo linalojulikana Lisbon, na mnunuzi ndiye anayeufanya uendelee.

Hapo hapo lipo jengo jeupe lenye kuba kubwa, Panteão Nacional. Awali lilikusudiwa kuwa kanisa la Santa Engrácia. Ujenzi wake ulianza 1682 na kuba likakamilika 1966, hata Mreno akiona kazi isiyoisha anaiita kazi ya Santa Engrácia. Lipia kiingilio uingie, hasa kama unapenda mpira. Humo amezikwa Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, aliyefunga mabao 9 Kombe la Dunia la 1966 na kuwa mfungaji bora. Mwili wake ulihamishiwa humo 2015. Ndani ya jengo hilo hilo kuna kaburi la heshima, tupu, la Vasco da Gama, yule wa nguzo ya Malindi. Nilisimama kwa Eusébio muda mrefu zaidi.

Sasa ingia Alfama yenyewe, na simu iweke mfukoni. Ramani inakuonyesha mita mia moja, haikwambii kwamba ni mita mia za ngazi. Aliyekulia Kibokoni au Shangani hatashangazwa na wembamba wa njia. Kitakachomshangaza ni jinsi zinavyoporomoka. Kanuni ya kutopotea ni nyepesi: ukiteremka tu, mwishowe utatokea mtoni. Nguo zimeanikwa madirishani juu ya kichwa chako, na milango inafungukia moja kwa moja sebuleni mwa watu, kwa hiyo salimia “bom dia” na usielekeze kamera ndani. Wakazi wengi wa zamani wameshahama kwa sababu nyumba zinapangishwa kwa watalii na kodi imepanda. Waliobaki wamechoka kusikia magurudumu ya masanduku yakigonga mawe alfajiri.

Mawe yenyewe yanahitaji tahadhari. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyong'arishwa na nyayo za vizazi, na mvua ikinyesha ni kukanyaga sabuni iliyolowa. Vaa raba zenye soli inayoshika. Viatu vya ngozi, hata viwe vizuri namna gani, acha hotelini.

Njaa ikiuma, jua kwamba mkate na zeituni vinavyoletwa mezani kabla hujaagiza si bakshishi. Ukila unalipa, kama huvitaki, mwambie mhudumu avirudishe, wala hatanuna. Wanaotafuta chakula cha halali wavuke waende Mouraria, upande wa pili wa kilima, mtaa waliowekwa Waislamu baada ya 1147. Siku hizi, kuzunguka uwanja wa Martim Moniz, kuna migahawa mingi ya Wabangladeshi, na biryani inapatikana bila kuhangaika.

Chini kabisa, karibu na mto, simama mbele ya Casa dos Bicos, nyumba ya 1523 iliyovishwa mawe yaliyochongoka ukuta mzima. Mtetemeko uliondoa ghorofa zake za juu, zikarudishwa katika karne ya 20. Kutoka hapo Baixa ni tambarare, unatembea mikono mfukoni, na mitaa ina majina ya kazi: wa washona viatu, wa dhahabu, wa fedha.

Ukiwa na siku ya ziada, chukua usafiri mpaka Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, magharibi mwa hapo. Ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki, dhahabu tupu, chenye mitume kumi na wawili wadogo wa rangi waliopiga magoti. Dhahabu hiyo ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na manowari, akamlazimisha sultani kulipa kodi, na mwaka uliofuata akaipeleka kwa mfalme Manuel wa Kwanza. Chombo kilikamilika 1506, kazi inayonasibishwa na Gil Vicente. Mwaka mmoja kabla, Wareno walikuwa wameshaiteka na kuipora Kilwa yenyewe. Wala hawakuficha: chini ya chombo, kuzunguka kitako, wameandika kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Lizunguke kabati la kioo polepole uyasome maandishi mpaka ulikute jina. Jumatatu makumbusho hufungwa, kwa hiyo panga siku nyingine.