Maswali ya Wasomaji: "Ole wao wenye mimba", je, tusizae?

SWALI: Mhubiri mmoja hapa Jinja anasema Mathayo 24:19 inakataza kuzaa siku hizi za mwisho. Mume wangu ameanza kuyumba. Tufanyeje?

JIBU: Dada, someni mstari wa 15 hadi wa 20, si wa 19 peke yake. Wa 16 unawaambia walio Uyahudi wakimbilie milimani. Wa 17, aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu. Wa 20, waombe wasikimbie wakati wa baridi. Yote ni mambo ya kukimbia ghafla. Sasa mtazame mwenye mimba ya miezi minane akipanda mlima, mwingine mtoto analia mgongoni. "Ole" hapo ni huruma, si laana wala amri. Luka 21:20 inataja Yerusalemu kuzungukwa na majeshi, na Warumi waliuteketeza mji huo mwaka 70. Wako Wakristo wanaotazamia pia utimizo wa baadaye, lakini katazo la kuzaa halimo.

Kosa hutokea neno la mtu mmoja linapogeuzwa sheria ya wote. Yeremia alikatazwa kuoa (16:2) kwa sababu maisha yake yalikuwa ishara. Yeye huyohuyo aliwaandikia wahamishwa wa Babeli waoe na wazae (29:6).

Mhubiri huyo akianza kutaja tarehe ya mwisho wa dunia, msomeeni Mathayo 24:36: siku ile hakuna aijuaye ila Baba. Kidonda cha Kanungu cha Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililotangaza mwisho wa dunia walipokufa hapa Uganda, bado kinatuuma.

Kama hofu ya mumeo hasa ni ada za shule, zungumzeni hilo waziwazi, kisha mwende kituo cha afya mkaulizie uzazi wa mpango.