Sato wazazi wamenona ila vifaranga hamna? Angalia mafuta unayowalisha

Mimi nakaa Mbeya mjini ila mabwawa yangu yako Kyela, maana huku juu mwezi wa 6 na wa 7 maji yanapoa mno na sato chini ya nyuzi 22 kutaga anagoma kabisa, kwa hiyo kama uko Uyole au Mafinga anza kwanza na joto la maji ndio urudi kusoma haya mengine.

Sasa Kyela usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, upo wa kumwaga. Nikajiambia samaki ale samaki, atanenepa na kuzaa sana, nikawa nasaga usipa mkavu nawapa wazazi karibu kila siku, na siku nikipata mafuta ya samaki naongezea humohumo. Wakanona kweli, jike anang'aa hadi majirani wanakuja kuangalia. Nafungua midomo yao sasa, maana sato jike anatamia mayai mdomoni: wenye mayai wawili watatu, wengine watupu!

Kumbe sato sio samaki wa baharini. Wa baharini lazima ale omega 3, aina ya mafuta, iliyo tayari ndani ya chakula, ila sato wa maji yasiyo na chumvi anachodai zaidi ni aina nyingine, omega 6, yaani asidi ya linoleiki ile ya mafuta ya alizeti na soya, na haihitajiki nyingi, kama asilimia 0.5 hivi ya chakula chote. Akiipata anaigeuza mwenyewe kuwa mafuta mengine yanaitwa arakidoni, na hiyo arakidoni ndio inatengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazomsukuma jike aachie mayai. Ufilipino kuna jaribio lilitoka 1993, sato waliopewa mafuta ya ini la samaki walikua uzito kuliko wenzao lakini uzazi wao ukawa hafifu, waliopewa mafuta ya soya ndio walitaga vizuri. Nilivyosoma pale nikajiona mimi kabisa.

Na wa mwituni je? Yule hana anayempimia, anakula mwani, wadudu, vitu vidogovidogo vya kila aina, mafuta yanajipanga yenyewe. Hata samaki wa baharini kama kodi (cod), wakipima mayai wanakuta ya wa mwituni yana arakidoni nyingi kuliko ya wa kufugwa. Ndio maana siku hizi sichelewi kuweka samadi, nataka maji yawe ya kijani, yaani yajae mwani.

Usipa sijauacha, nimepunguza tu, nachanganya na mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa na pumba. Soya mbichi usiwape. Mashudu chukua yale ya mashine za mtaani, yanabaki na mafuta kidogo.

Kingine kilichoniumiza ni usipa wa zamani. Gunia limekaa miezi stoo, ukifungua linanuka kama rangi ya mlango, hayo mafuta yameshaharibika na yanamaliza vitamini E mwilini mwa samaki, vitamini ambayo mayai yanaihitaji sana. Mimi nilikuwa nanunua hayo magunia kwa sababu ni bei chee, ujinga wangu mwenyewe. Nunua kidogokidogo, nusa kwanza.

Usibadilishe chakula leo ukategemea mayai kesho kutwa, yaliyoko tumboni yalishajengwa na chakula cha nyuma. Na jike akitamia mdomoni hali kitu, anaishi kwa akiba, kwa hiyo akimaliza mpumzishe ale vizuri kabla hujamrudisha kwa dume.

Ukifuga trauti, wale wa mito ya baridi huku, geuza hesabu, yeye anataka omega 3.