Barua kwa mwanangu: kisigino kinachoamka kabla yako

Mwanangu,

Sisi huku Dodoma hatujambo, ila upepo na vumbi ndiyo usiseme. Mama yako anakusalimu. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unasema kila asubuhi ukishuka kitandani kisigino cha kulia kinachoma kama umekanyaga mwiba, ukitembeatembea kinatulia, kisha jioni ukitoka darasani kinarudi. Walimu wenzako wa hapo Manyoni, mmoja anasema gauti, mwingine anasema baridi ya sakafu. Unaniuliza mimi nasemaje. Kwenye simu ningeongea vibaya, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Gauti siyo, kwa namna ulivyoeleza. Gauti hupenda kiungo cha kidole gumba cha mguu. Kinavimba, kinakuwa chekundu, hata shuka likikigusa unapiga kelele. Lako nalijua kwa sababu limenipata mimi mwenyewe, ulipokuwa kidato cha pili. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda, umeanzia kwenye mfupa wa kisigino ukaenda hadi vidoleni, na ndio unaoshikilia ule upinde wa unyayo. Ukisimama kutwa nzima juu ya saruji, mkanda huo unachoka na kuumia pale uliposhikana na kisigino. Usiku mguu ukiwa umelegea, mkanda unajikunja. Asubuhi unaukanyagia uzito wote kwa ghafla, nao unalia.

Mimi nilikosea, na sitaki urudie. Nilikwenda duka moja la dawa, nikapewa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, nikazimeza wiki tano mfululizo kama karanga. Kisigino kilipoa kidogo, tumbo likaanza kuwaka moto. Dawa hizo zinachubua tumbo na figo hazizipendi. Ni za siku chache tu, tena baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo asiziguse bila daktari. Baadaye nikapigwa picha ya eksirei, nikaonyeshwa kimfupa kilichochomoza kisiginoni, nikaambiwa ndicho mchawi. Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye aliyenicheka: watu wengi wana kimfupa hicho na wanacheza ngoma usiku kucha bila kuumwa.

Alichonifundisha ndicho hiki. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Kisha simama mbele ya ukuta, viganja ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kisiondoke sakafuni. Egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike, kaa hapo sekunde 30, mara tatu, asubuhi na jioni. Usishangae kwamba tunatibu shavu wakati kinachouma ni kisigino. Misuli ya shavu ikikaza, unyayo ndio unaolipa. Jioni gandisha maji kwenye chupa ya nusu lita, izungushie kitambaa, uibingirishe chini ya unyayo dakika kumi. Mimi ilinichukua miezi mitano. Wapo wanaokaa karibu mwaka, kwa hiyo usiniandikie baada ya wiki mbili kwamba haifanyi kazi.

Sasa nije kwenye kazi yangu ya ufundi viatu, maana nusu ya maumivu ya miguu ninayoyaona hapa Majengo yanakuja yakiwa yamevaliwa. Vile viatu vyako vyeusi vya soli nyembamba, ulivyonunua mtumba kabla ya kuripoti kazini, sikuvipenda tangu siku ile. Kiatu cha mtumba kimeshajifunza mguu wa mtu mwingine. Kigeuze chini kabla hujalipa: soli ikiwa imelika upande mmoja, na wewe kitakulaza upande huohuo. Kikunje, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjikia, kikikunjika katikati kama chapati kirudishe. Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umejaa, na uache upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu. Mchuchumio wa harusi sikukatazi, ila si wa kufundishia. Na nyumbani usitembee peku kwenye saruji. Vaa kandambili nene, si zile zilizokwisha mpaka unahisi kokoto.

Magaga uliyoniuliza mwishoni ni hali ya hewa yetu tu, hasa Juni hadi Agosti. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe, kisha paka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ulale na soksi za pamba. Wembe usiutie kwenye magaga wala kwenye sugu. Katikati ya vidole usipake mafuta, pakaushe, fangasi wanapenda penye unyevu. Kucha zikate moja kwa moja, usizichimbe pembeni.

Jambo moja naliandika na mkono unakuwa mzito. Baba yako mdogo hakupoteza kidole kwa bahati mbaya. Alikuwa na kisukari, miguu ilikuwa imekufa ganzi, msumari ukapenya kandambili akatembea nao kutoka sokoni hadi nyumbani bila kuhisi. Wewe hujapima, na kisukari kimo kwenye ukoo wetu. Pima mwezi huu. Ukisikia ganzi au kuchomachoma kama sindano miguuni, ukawa na kidonda kisichofunga, mguu ukivimba na kuwa wa moto, au ukashindwa kabisa kuukanyagia, hayo si ya mazoezi ya ukutani wala ya fundi viatu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hivyo viatu vyeusi nitumie kwa basi la Ijumaa, mpe kondakta namba yangu. Nitaweka soli nene na kupandisha kisigino sentimita moja, vitakufaa mpaka upate vizuri zaidi. Usivioshe wala kuvipiga rangi. Nataka nione vimelika wapi.

Baba yako