Usikivu wa juu si kina zaidi

Je, mashine yako ndogo ya kutambua metali itafika chini zaidi ukipandisha usikivu, yaani kiwango chake cha kuhisi ishara ndogo, hadi mwisho? La, haitafika. Katika udongo mwekundu wa Nairobi, wenye oksaidi nyingi za chuma, kufanya hivyo kutaifanya tu ilie kila mahali, na mlio wa kitu halisi utapotelea humo. Teremsha usikivu pole pole mpaka kelele za udongo zitulie, kisha upeperushe koili, ile sahani ya chini inayohisi metali, taratibu, sentimita 2 hivi juu ya ardhi, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Wengi huinua koili mwishoni mwa kila mpito kama wanaofyeka majani, na hapo ndipo kina kinapotea. Mimi nilijifunza kwa kuzika pete ya fedha bustanini kwa sentimita 10: usikivu ukiwa juu kabisa sikuitofautisha na kelele, nilipoupunguza hadi nusu ikalia wazi kila nilipopita. Kwa sarafu, tarajia sentimita 15 hadi 20, si mita moja. Tahadhari moja: ukiiamuru mashine ipuuze karatasi za alumini, itapuuza pia pete nyembamba za dhahabu, kwa kuwa ishara za vitu hivi viwili hukaribiana mno. Na tafadhali usiipeleke kwenye maeneo ya kihistoria, kwani sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka leseni kwa anayetafuta mambo ya kale.