Mwache kombe ateme mchanga mwenyewe

Mdogo wangu unayeanza kazi ya jikoni hapa Mikindani, kabla hujakuna nazi ya supu, jifunze kumsubiri kombe, yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili. Siku zangu za kwanza nililetewa ndoo nzima, wametoka kuokotwa maji yalipokupwa. Nikasugua magamba mpaka yakang'aa, nikawaloweka kwenye maji ya bomba, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi wengi wamekufa, wananuka. Waliobaki niliwapika na mchanga wao tumboni, wateja wakatafuna changarawe, sufuria ikamwagwa. Iliniuma sana, maana kina mama walioniletea walikuwa wameinama matopeni tangu alfajiri.

Mchanga wa kombe uko ndani, hautoki kwa brashi. Yeye hula kwa kuvuta maji na kuyachuja, na mchanga huingia humo humo. Akiwa hai kwenye maji safi ya bahari, hufungua gamba akautema. Maji yasiyo na chumvi humfunga, kisha humuua. Kama bahari iko mbali, koroga chumvi vijiko viwili vya chakula, visijae kupita ukingo, kwa kila lita. Waweke ndani ya chujio lililoinuliwa kidogo kutoka chini ya beseni, ili mchanga uzame na wao wasiuvute tena. Usiwarundike, usifunike kwa mfuniko, waache kivulini kwa muda wa saa 3 au 4, maji ukiyabadilisha katikati. Ukimaliza, nyanyua chujio. Usimimine beseni juu yao, utawarudishia mchanga wote uliousubiri.

Hapo ndipo unasugua magamba na kuchagua. Aliye wazi mgonge kidogo, asipojifunga, mtupe. Wachemshe kwa maji machache, moto mkali, na asiyefunguka naye mtupe.

Yale maji yaliyobaki sufuriani ndiyo supu yenyewe, usiyamwage! Yachuje kwa kitambaa safi, tone la mwisho lenye vumbi uliache. Chumvi onja kwanza, mara nyingi haihitajiki.

Jambo moja siruhusu mzaha: muulize muuzaji wameokotwa wapi. Waliotoka karibu na mfereji wa maji machafu usipokee hata wakiwa bei ya chini, kwa sababu kuna sumu ambazo moto hauziondoi.

Tui zito likishatokota ndani ya supu hiyo, ndipo urudishe nyama ya kombe uliyoitoa kwenye magamba, uipue mara moja. Ukiichelewesha inakuwa ngumu kama mpira.