Hipnosisi na maumivu: mguu wangu na punje ya karafuu

Assalaam alaykum. Mwenzetu umesema mama yako anaumwa kiuno mwaka wa nne huu, na umeona video ya mtu aking'olewa jino bila sindano baada ya "kulazwa akili". Unauliza kama hipnosisi, yaani kutulizwa kwa maneno mpaka akili ishike jambo moja tu, ni kweli au mazingaombwe, na kama ni halali. Mie nimefanyiwa, na mpaka leo najifanyia mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa nilopitia. Jibu refu, nivumilie.

Mie wa Wete, Pemba, mwalimu wa skuli, na ukifika msimu ni mchumaji kama wengine. Miaka saba nyuma tawi la mkarafuu lilinikatikia. Nikavunjika mfupa wa paja, nikavushwa Unguja, nikatiwa chuma. Mfupa ukaunga vizuri, picha zote safi. Maumivu ndiyo yalokataa kuondoka. Yalikuwa ya moto, kutoka nyongani mpaka gotini, na kazi yao usiku. Nikameza diklofenaki, vidonge vya maumivu, mpaka tumbo likawaka kuliko mguu. Mtu mmoja akanambia, "Bwana, hayo yako kichwani tu." Nusura nimchape kwa gongo langu.

Alonionyesha mambo haya ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo, Mzanzibari mwenzetu alosomea nje. Alipotaja hipnosisi nilitaka kukimbia, ila mguu haukuwa wa kukimbia. Mpemba mzima avuke maji kwenda kutafuta uganga Unguja! Nyumbani wangenicheka mpaka mwaka mkuu mwingine wa karafuu. Akanambia, "Mwalimu, hakuna mvuke, hakuna ngoma, hakuna kitakachokupanda. Kaa kitini tu, na ukitaka kuinuka, inuka."

Na kweli ndivyo. Nilikaa, nikatazama msumari ukutani mpaka macho yakachoka, nikafumba. Akaanza kuhesabu pumzi zangu kwa sauti ya chini. Siku ya kwanza nilicheka, maana nje kulikuwa na muuza samaki anapiga honi. Ya pili nikakoroma. Ya tatu akaniuliza ni wapi ninapotulia, nikasema baharini, kwa sababu nilidhani ndilo jibu analolitaka. Basi akanipeleka baharini kwa maneno, mawimbi haya, upepo huu, na mie ndiye yule ambaye kila nikipanda boti ya Mkoani hukaa na mfuko wa kutapikia mkononi. Dakika mbili tu kichefuchefu kikanishika pale pale kitini. Alicheka, kisha akanambia maneno ambayo kwangu ndiyo yalofungua mlango: kama maneno yanaweza kukutapisha juu ya nchi kavu, basi yanaweza na kukutia ganzi. Nenda katafute kitu chako mwenyewe.

Kitu changu kilikuwa karafuu. Tulipokuwa wadogo, jino likiuma bibi alikuwa akitutia punje moja kwenye gego, anakwambia uume taratibu. Kwanza ukali, halafu joto, halafu ulimi si wako tena. Ganzi ile ni ya kweli, inatokana na yuginoli iliyomo kwenye mafuta ya karafuu, na madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Mwili wangu unaijua ganzi hiyo kuliko bahari yoyote.

Basi nikishatulia naiweka karafuu mbichi ulimini kwa fikra. Karafuu haipo, lakini mate yanajaa. Naisubiri ganzi ishike ulimi, naishusha mpaka kwenye ncha za vidole vya mkono wa kulia, mkono unakuwa mzito kama umeulalia usiku kucha, ndipo nauweka juu ya paja na kuiacha izame polepole. Wenye fani hutumia zaidi mfano wa mkono uliotiwa kwenye maji baridi. Njia ni ile ile, tia ganzi mkono, kisha uhamishe. Mie barafu sijaizoea, karafuu nimezaliwa nayo.

Nilikwenda kwake mara sita, kisha akanirekodia sauti yake kwenye simu, niwe nasikiliza kila siku baada ya isha, dakika ishirini. Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu. Ya tatu nikalala mpaka alfajiri. Alikuwa akinitaka niyape maumivu namba, sifuri mpaka kumi. Nilianza na nane, sasa nipo kwenye tatu au nne, na siku za baridi ya kipupwe yanarudi sita. Hayajaondoka. Anayekwambia hipnosisi itayafuta, muulize anauza nini.

Ila kilichobadilika ni kigumu kukisema. Maumivu yapo, nayajua yalipo, lakini hayanigombezi tena. Ni kama redio ya jirani: unaisikia, huifuati. Baadaye nikasoma kwamba mtafiti Pierre Rainville na wenzake huko Montreal, Kanada, walilipima jambo hili hili mwaka 1997. Waliwatia watu mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi 47 huku wakipiga picha za ubongo, na kwa hipnosisi wakawaambia yale maumivu yanakera zaidi, au yanakera kidogo. Maji ni yale yale. Sehemu ya ubongo inayopokea mguso haikubadilika sana, lakini ile inayohusika na kukereka ilipanda na kushuka kufuata maneno. Kwa hiyo yule bwana wa "yako kichwani" alikuwa na kweli kidogo, ingawa gongo bado alistahili.

Na wala si jambo jipya. Mwaka 1845 daktari wa Kiskoti, James Esdaile, alianza kupasua watu Bengal, India, kwa njia iliyoitwa mesmerizimu, mama yake hipnosisi. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wanaume wenye mabusha makubwa ya matende, maradhi ambayo visiwani kwetu hayahitaji kuelezwa. Mwaka uliofuata etha, dawa ya kumlaza mgonjwa kwa kuvuta mvuke wake, ikaonyeshwa Boston, Marekani, klorofomu ya kazi hiyo hiyo ikafuata 1847, na madaktari wakaona hayo yana haraka zaidi. Hawakukosea, mtu anayepasuliwa mshipa hana muda wa kuhesabiwa pumzi. Jina hipnosisi lilienezwa na James Braid, daktari wa upasuaji wa Manchester, mwaka 1843, kutokana na neno la Kigiriki la usingizi, kisha mwenyewe akalijutia maana si usingizi. Mwaka 1955 chama cha madaktari wa Uingereza kilikubali kwamba inafaa kutumika katika maumivu.

Kuhusu halali, mie si mufti. Nilimweleza shehe wangu kila hatua, mpaka msumari. Akauliza: kuna jina linaloitwa lisilokuwa la Mungu? Unapoteza akili swala ikakupita? Nikamwambia hapana, adhana naisikia na naamka. Akasema basi hiyo ni dawa kama dawa nyingine. Wako anaweza kuona vingine, muulize.

Sasa kosa langu, na hili usimfiche mama. Mwaka juzi gego liliniuma. Nikajifanya fundi, nikalitia ganzi kwa fikra, usiku hadi usiku, karibu wiki tatu. Nilikuwa najisifu hata kwa mke wangu. Asubuhi moja nikaamka shavu limevimba mpaka jicho limefunga, homa juu, usaha chini ya jino. Daktari aliniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Ningemjibu nini? Maumivu yalikuwa yananiita, na mie nimeyaziba mdomo.

Kwa hiyo kiuno cha mama kitazamwe kwanza. Ukisikia miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo unampita bila kujua, au anakonda bila sababu, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hipnosisi baadaye. Na kama aliwahi kusikia sauti au kuona wasioonekana, asifanyiwe bila daktari wa akili. Jingine, watu hawalingani. Kuna anayezama mara moja, na kuna ambaye atakaa anahesabu nyufa za dari. Kaka yangu alijaribu mara nne, akatoka na shingo iliyokaza. Dawa alizopewa mama asiache. Mie zangu nilizipunguza pole pole, daktari akijua.

Mkishamaliza hayo, kabla hamjatafuta mtu wala kurekodi sauti, kaa naye jioni umuulize utotoni kwao walikuwa wakimtia nini akiumia. Barafu, mdalasini, maji ya kisima, mkono wa bibi yake. Atakachokitaja huku anatabasamu, anzieni hapo.